Mlango wa Pikapu na Mnoa Visu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi hapa duniani. Wanaonijua watasema najisifu, na wacha waseme. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya akili. Nimelala juu ya lori la mchanga likiwa linatembea. Nimeibiwa na mtu niliyemsaidia kulipa mahari. Nimeona jengo la ghorofa tatu likiinama polepole kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na simiti ilikuwa yangu, lakini kosa lilikuwa la fundi. Nimenunua ploti kutoka kwa mwalimu aliyenichapa kwa kutojua kugawanya, na siku ya kulipana yeye ndiye aliyekosea hesabu, mimi nikamsahihisha. Leo niko na duka la simiti na mabati Machakos mjini, nyumba ya mawe Mumbuni, na pikapu ambayo benki haiijui. Hakuna aliyenishika mkono.

Naandika haya kwa sababu ya mlango wa hiyo pikapu.

Kwanza mjue kwamba kabla ya gari nilikuwa mtu wa baiskeli. Si baiskeli ya kutembea nayo Jumapili. Ilikuwa baiskeli ya kazi, ile nyeusi nzito, nyuma nimefunga kreti mbili za nyanya kwa mpira wa tairi, natoka nazo upande wa Kangundo kabla jua halijatoka. Miteremko ile nimeishuka miaka saba na breki ambazo nilikuwa nazisaidia kwa soli ya kiatu. Kwa hiyo jambo la mwenye baiskeli na mwenye gari usiniambie wewe. Nililijua kutoka chini.

Na kuna kitu ambacho kila mtu wa baiskeli anakijua: gari linalotembea unalisikia, lakini lililosimama lina mlango. Ukipita kando ya gari lililosimama, tupa jicho kwenye kile kioo cha pembeni. Ukiona uso wa mtu ndani, jitenge nalo upana wa mlango, hata kama wa nyuma yako anapiga honi. Mimi ndiye nilikuwa nawafundisha wenzangu hivyo. Kuna mmoja alinipuuza akapoteza meno mawili ya mbele, nami nikamwambia, "Si nilikuambia?"

Halafu nikanunua gari.

Nilipokuwa maskini nilikuwa naingia mahali kama moshi, hakuna anayejua nimeingia. Nilipopata pikapu nikaanzisha tabia. Nikifika dukani sikuwa nafungua mlango kama watu. Nilikuwa nausukuma kwa goti na kiwiko, ukafunguka wote mpaka mwisho wake, pwaa! Halafu nakaa kidogo kabla ya kushuka. Vijana wa bodaboda walio na steji yao pale mbele ya duka wanageuka wote, "Bosi amefika!" Nami nashuka. Nilipenda sana hiyo sauti. Naona aibu kuiandika, lakini nilikuwa naipenda kuliko chai ya asubuhi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mwezi wa kumi, saa nane mchana, watu wamejaa. Nilisimamisha gari mbele ya duka, upande wa kushoto wa barabara, mlango wangu ukielekea kule magari yanapopita. Ng'ambo nikamwona mkandarasi mmoja akitoka dukani kwa mshindani wangu na risiti mkononi. Huyo mtu alikuwa ameniahidi kununua kwangu mifuko mia mbili ya simiti. Damu ikanipanda. Sikuangalia kioo. Sikugeuza shingo. Nilisukuma mlango kwa nguvu zote, ili hata yeye kule ng'ambo asikie nimefika.

Mlango haukufika mwisho.

Ilikuwa sauti kama ya karai lililojaa vijiko likianguka kutoka juu ya kabati. Kisha visu vikatawanyika barabarani, vya bucha, vya jikoni, panga mbili, vyote viking'aa juani, na watu wanaruka wasivikanyage. Katikati ya visu, baiskeli imelala, gurudumu la mbele bado linazunguka. Na kando yake mwenye baiskeli amekaa chini kama mtoto aliyeambiwa akae.

Nilimjua. Mji wote ulimjua. Alikuwa mnoa visu, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ana koti la kijivu mvua isinyeshe mvua inyeshe. Baiskeli yake alikuwa ameifunga jiwe la kunolea hapo mbele ya kiti. Akifika mlangoni kwako anaisimamisha kwa stendi, anapanda, anakanyaga pedeli, mnyororo unazungusha jiwe, naye anaweka kisu taratibu mpaka cheche zinatoka. Kwangu Mumbuni alikuwa anakuja kila mwezi. Mke wangu alikuwa hakubali mwingine.

Neno langu la kwanza kwa huyo mtu, kabla ya pole, kabla ya kuuliza umeumia wapi, lilikuwa hili:

"Mzee, kwani huoni?"

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu, limeiva, kama lilikuwa linangoja mdomoni. Na likishatoka haliwezi kurudi, kwa sababu watu walilisikia na wakalidaka.

"Mzee wa visu, hiyo baiskeli peleka kwa watu wa vyuma kuukuu!" mmoja wa bodaboda akasema.

"Muacheni, amekuja kunoa mlango wa bosi!"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Mnoa visu akanitazama kutoka pale chini, akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Kifundo cha ule mkono kilikuwa kimekaa mahali ambapo si pake.

"Nisamehe, mkubwa," akasema. "Sijui nilikuwa naangalia wapi."

Pale palikuwa na nafasi ya neno moja. Neno moja tu, na nilikuwa nalo. Badala yake nikaenda kuangalia mlango wangu kama umeharibika.

Hapa kwetu ajali ndogo watu hawakimbilii polisi. Ukiipeleka huko, gari linalala kituoni na wewe unalala ukiliwaza. Tunasikizana pale pale barabarani, tunaandika karatasi, mashahidi wawili wanatia sahihi, kila mtu anaenda zake. Nami nimejifunza katika biashara kwamba anayetaja karatasi kwanza ndiye anayeshinda. Nikamwita karani wangu, msichana aliyemaliza shule na ana mwandiko mzuri, aje na kitabu cha risiti. Nikamsomea, akaandika: Mimi mnoa visu nimegonga gari lililosimama. Nimesamehewa na mwenye gari. Sina madai na sitakuwa na madai.

Hilo "nimesamehewa" niliongeza mimi. Karani aliinua kalamu akanitazama. Nikamwambia, "Andika."

Kijana mmoja wa bodaboda, yule anayenibebea mbao na misumari kwa wateja, alikuwa amesimama karibu kabisa. Akasema kwa sauti ya chini, "Lakini bosi, huo mlango..."

"Huo mlango umefanya nini?" nikamuuliza.

Akatazama chini. Huyo kijana anakula kwangu. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

"Umekwaruzwa, bosi," akasema, na wenzake wakacheka tena.

Mnoa visu hakuweza kushika kalamu. Karani akaleta ile pedi ya wino ya muhuri wa dukani, ule unaosema IMELIPWA, tukamsaidia kuweka kidole gumba cha kushoto. Nikampa shilingi mia tano za dawa ya maumivu. Akazipokea kwa kuinamisha kichwa. Akaniambia asante.

Nyumbani mke wangu aliuona mkwaruzo. "Mzee, gari imefanya nini?"

"Mkokoteni," nikasema.

Nikadhani yameisha. Mtu kama mimi ana mambo mengi, mambo huisha. Lakini haya hayakuisha, na yalianza kunirudia kwa njia ya jikoni. Mwezi wa kumi na moja ulipita bila mnoa visu kufika. Visu vikaanza kuwa butu. Mke wangu akikata nyama nilikuwa nasikia kisu kikisaga badala ya kukata, na kila kikisaga nilijua kwa nini, na yeye hajui. Siku moja tukiwa na wageni kisu kilimteleza kikamkata kidole akichinja kuku. Akakitupa kile kisu kwenye karai.

"Huyu mtu wa visu alipotelea wapi jameni?"

"Sijui," nikasema. "Labda amepata kazi."

Nilimnunulia visu vipya sita. Akavipanga kwenye droo na kuendelea kutumia vile vya zamani. "Hivi vipya ni vya kuonyesha watu," akasema. "Mimi nangoja mtu wangu."

Wenye bucha nao walikuwa wanalalamika. Disemba ndiyo mnoa visu hula mwaka mzima. Harusi, Krismasi, mbuzi kila boma. Mtu wa kunoa akikosa Disemba, amekosa karo ya Januari. Hilo sikuhitaji kuambiwa.

Wiki moja kabla ya Krismasi tulikuwa tunakula, mimi na yeye peke yetu, ugali na nyama. Kisu kilikuwa kimekata nyama vizuri. Nikaona hilo kabla sijaonja.

"Nimempata," mke wangu akasema. "Si yeye, mke wake. Nimemkuta sokoni anasukuma ile baiskeli. Anaikalia mwenyewe, anakanyaga, anashika kisu. Wanaume wamesimama wanamcheka, 'Mama, chunga rinda lisiingie kwa mnyororo!' Nikawafukuza. Nikamwambia, mwaitu, mzee wako yuko wapi? Akaniambia ana mkono."

Mwaitu ni vile sisi Wakamba tunavyomwita mama wa mtu kwa heshima. Nikaendelea kutafuna.

"Aligonga gari hapa mjini mwezi wa kumi. Zahanati ikafunga plasta, plasta ikatolewa, vidole havifungi. Kule hospitali kubwa wanasema mfupa umeunga vibaya, wafungue, waweke chuma. Tena wanasema haraka, ukikaa sana hautarudi. Watatoa wapi? Na unajua kilichonichoma? Mwenye gari alimwandikisha karatasi pale pale barabarani. Mtu amevunjika mkono, amekaa chini, na anashikwa kidole kinawekwa kwa wino!"

"Karatasi ya nini?"

"Ati asidai. Mtu mkubwa, ana gari, anaogopa mtu wa baiskeli." Akaacha kula. "Huyo mtu hana mama? Hakuzaliwa? Niambie mzee, mtu kama huyo analala aje?"

Nami, mkiniuliza kitu gani kibaya zaidi nimefanya maishani, si mlango. Mlango ni sekunde moja. Ni hili lililofuata. Nilimeza tonge, nikanawa vidole, nikatikisa kichwa kama mzee wa kanisa.

"Wengine ni wanyama tu," nikamwambia mke wangu.

Akafurahi kwamba tumekubaliana. Akaniongezea nyama.

Jumapili nikasema naenda kuona ploti. Nikaenda njia ya Kathiani, kwao mnoa visu, na bahasha mfukoni, elfu ishirini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitampa kama msamaria, mteja wa zamani aliyesikia habari. Nitapona mimi, atapona yeye, na hakuna mtu atakayehitaji kusema chochote. Niliacha gari barabarani nikashuka kwa miguu katikati ya mahindi.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharagwe kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akishike. Akataka kuinuka.

"Kaa, kaa."

"Mkubwa! Umenifikia mpaka huku." Akamwita mke wake alete kiti. Mke wake akaleta, akanisalimia, akarudi jikoni. Hakunijua.

Tukaongea mvua. Tukaongea mahindi. Nikatoa bahasha nikaiweka juu ya maharagwe.

"Kitu kidogo," nikasema. "Cha mkono."

Akaiangalia bila kuigusa. "Ya nini, mkubwa?"

"Nimesikia hospitali wanataka pesa."

"Wanataka. Lakini si zako." Akaisukuma kwangu kwa ule mkono mzima. "Mimi niliweka kidole kwamba sina madai. Nikila hii, kidole changu kitakuwa cha nini? Wewe ulinisamehe mbele ya watu. Mwingine angenilipisha ule mlango."

Mniambie, mimi niliyeshinda madalali na makandarasi, nilikuwa nimemfunga huyo mtu vizuri namna gani mpaka hata mimi mwenyewe siwezi kumfungua! Nilijaribu tena. Nikasema ni zawadi ya Krismasi. Akacheka, akasema mke wangu hulipa vizuri, hiyo inatosha. Halafu akaacha kupukuchua.

"Mkubwa, wacha nikuambie. Mkono unauma, lakini si mkono. Nimeendesha baiskeli miaka thelathini. Sijagonga hata kuku. Halafu nagonga gari limesimama. Limesimama! Mtu akigonga kitu kilichosimama, ni macho au ni kichwa. Nilienda wakaniangalia macho, wakasema yako sawa. Basi nikajua ni kichwa. Najaribu kukumbuka ile siku. Naona barabara nyeupe, iko wazi, halafu naona mlango. Katikati hakuna kitu. Kuna kipande cha akili kimetoka." Akasogea karibu, ili jikoni wasisikie. "Nimewaambia watoto nimezeeka. Hata mkono ukipona sipandi tena baiskeli. Siku moja nitaingia chini ya basi, au nigonge mtoto wa watu. Jioni nikienda choo mke wangu ananifuata nyuma. Anadhani sijui."

Nilikuwa nimekuja na dawa ya mkono. Kumbe nilikuwa nimemvunja mahali pengine kabisa, na hapo elfu ishirini hazifiki.

Nilijaribu kuanza mara mbili. Mimi huyu, ambaye naweza kumuuzia mtu mabati akiwa amekuja kuuliza njia.

"Hukugonga," nikasema.

"Eh?"

"Barabara ilikuwa wazi kweli. Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi ndiye niliufungua, wewe ukiwa umeshafika. Ndiyo maana katikati huoni kitu. Hakukuwa na kitu."

Kuku mmoja alikuja akaanza kula maharagwe, na hakuna aliyemfukuza.

"Uliangalia kioo?" akauliza.

"Sikuangalia."

"Kioo chako mimi nilikiangalia. Nakumbuka. Niliona kichwa cha mtu kimegeuka upande."

"Nilikuwa namwangalia mtu ng'ambo."

"Na breki yangu?"

"Ulifunga breki. Alama ya tairi ilikuwa pale chini. Niliiona."

"Uliiona," akasema. Akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mama! Njoo. Njoo usikie. Mkubwa, sema tena."

Nikasema tena, mbele ya mke wake aliyesimama na mwiko mkononi. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yeye alikuwa ananitazama machoni. Nilipomaliza alimgeukia mume wake. "Si kichwa," akasema. "Si nilikuambia si kichwa?"

Mnoa visu akacheka, kicheko kirefu, machozi yakamtoka akayafuta na ule mkono uliovunjika, amesahau kwamba umevunjika, akaguna kwa maumivu. Halafu kicheko kikakatika.

"Wiki tisa," akaniambia. Hakusema mkubwa. "Wiki tisa nimejiita mwendawazimu kwa nyumba yangu. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Chukua bahasha yako. Pesa tutaongea, na zitakuwa nyingi kuliko hizo. Lakini kwanza utasema pale uliponiandikia. Wale walionicheka wakiwepo."

Jumatatu akaja, na koti lake la kijivu limepigwa pasi. Bodaboda walikuwa wote stejini. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, mazuri, yenye kunisaidia kidogo hapa na pale, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba biashara ina mawazo mengi. Nilipomwona amesimama mahali pale pale visu vilipomwagika, yale maneno yakanipotea.

"Ile ajali," nikasema, "nilifungua mlango bila kuangalia. Mzee hakuwa na kosa. Karatasi nilimwandikisha kwa uongo."

Nilingoja wacheke, au washangae. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Wengine walikuwa wanaangalia simu. Yule kijana anayenibebea misumari akasema polepole, bila ubaya:

"Tulijua, bosi. Wote tulikuwa tunaangalia."

"Na mbona mlicheka?"

"Wewe ulicheka."

Karani akaleta kitabu, akakifungua kwenye nakala ya ile karatasi, akachukua kalamu. Mnoa visu akamwambia, "Hapana, mwanangu. Aandike mwenyewe." Mwandiko wangu ni wa darasa la sita. Watu mjini hawaujui, mimi huweka sahihi tu. Nikaegemea boneti ya pikapu nikaandika kama mtoto, herufi moja moja, wao wakinisubiri: Mimi nilifungua mlango. Yeye hakukosa. Ilichukua muda mrefu kuliko kuanguka kwake. Mnoa visu akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani.

Mke wangu nilimwambia jioni hiyo. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Nilisema huyo mtu hana mama," akasema.

"Ulisema."

"Na mama yako alinilea mimi kuliko wewe." Akakunja shati langu, akalifungua, akalikunja tena. "Mlango naweza kuelewa. Lakini ulikuwa umekaa hapo, unakula, nikikuuliza mtu kama huyo analala aje. Na ukakubaliana na mimi."

Hajanidai jibu. Lakini mpaka leo nikikubaliana naye kwa jambo lolote, hata bei ya nyanya, ananitazama kidogo kabla ya kuendelea. Hilo sijui litaisha lini.

Siku hizi nafungua mlango kwa mkono wa kushoto. Jaribuni, mtaona: ukinyoosha mkono wa kushoto kufikia kitasa cha kulia, mwili unageuka wenyewe, shingo inageuka nao, na unaona nyuma hata kama hukutaka. Bodaboda wananicheka, wanasema bosi anashuka kama bibi harusi. Wacha wacheke. Naufungua kidogo, nangoja, kisha nashuka kama moshi.

Mkono wa mnoa visu ulifunguliwa Januari. Daktari aliuvunja tena mahali ulipoungana vibaya, akaweka chuma na skrubu. Alisema tungekuja mwezi wa kumi na moja ungerudi wote. Umerudi robo tatu. Vidole vinne vinafunga, gumba linafika nusu njia. Kisu kidogo anashika, panga anamwachia mke wake, na baiskeli amepanda, anaipanda mjini katikati ya magari yote. Nikimwona anakuja nasimama kabisa pembeni, hata nikiwa kwa miguu.

Kuhusu pesa, watu mjini wanasema nilitoa nusu milioni. Wengine wanasema niliuza ploti. Zamani ningewaacha waseme, kwa sababu inanikuza. Ukweli ni kwamba nilimpa mke wake laki moja na elfu thelathini na tano mkononi, mbele ya mume wake, za hospitali, dawa, nauli, na siku alizokosa kazi kama walivyozihesabu wao. Mwezi wa pili mwishoni yule mama alikuja dukani na risiti zote zimekunjwa kwenye kitambaa, akazipanga juu ya kaunta yangu moja moja, na juu ya risiti ya mwisho akaweka noti na sarafu. Mia tatu na hamsini.

"Imebaki," akasema.

"Mwaitu, kaa nayo. Nunulia watoto kitu."

"Sisi hatukukuomba zawadi. Hesabu."

Nikahesabu, akiwa amesimama hapo ananiangalia mpaka nimalize. Kwa hiyo si nusu milioni, wala si laki moja na thelathini na tano. Ule mlango ulinigharimu shilingi laki moja, elfu thelathini na nne, mia sita na hamsini.